Barua Nyuma ya Saa

Kaltenrode, 9 Januari 1944

Mwanangu Volkmar,

Salamu nyingi. U mzima? Sisi hatujambo, ila mguu wangu unanisumbua kwenye theluji na mfuko wa posta haupungui uzito. Mama yako anauliza kama jemu imefika.

Habari mbaya nimeibeba mwenyewe: bahasha ya jeshi, ya jirani yetu Mama Gernot. Gernot wetu ameanguka na ndege yake usiku wa tarehe 21 Desemba. Wanasema ni Waingereza. Mama wa watu hakulia. Alinishika mkono wa koti akasema, "Mwandikie Volkmar. Wamekua pamoja hawa, wamelala kitanda kimoja. Mwambie amlipizie mwenzake kisasi." Sasa anakufumia soksi, kwa sufu aliyomwekea mwanawe.

Baba yako


Kambini, 2 Februari 1944

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mwili mzima, mengine tuyaache. Barua hii anakuletea fundi wangu aliye likizoni, isipite kwa wakaguzi wa barua.

Usiku ule nami nilikuwa angani, eneo lile lile alilokuwa Gernot. Sisi humwendea adui kwa chini, bunduki za ndege zikitazama juu. Niliona mkia wenye mapezi mawili nikasema, huyo. Ndege za Waingereza zina mapezi mawili. Za kina Gernot pia. Tofauti ni injini: wao nne, sisi mbili. Nilihesabu mapezi, Baba. Sikuhesabu injini. Nikafyatua. Ndege ilipowaka ndipo nikaona msalaba wetu kwenye bawa. Jina la rubani nililijua asubuhi.

Mkubwa wangu alisema, "Funga mdomo, kijana, vita ndiyo hii." Mafundi walikuwa wameshachora mstari wa kumi na tisa kwenye mkia wa ndege yangu, mmoja kwa kila ndege niliyoangusha. Haujafutwa.

Humu ndani kuna barua ya pili, ya Mama Gernot. Nimemwambia yote. Mpelekee. Na asinifumie soksi.

Mwanao


Kaltenrode, 11 Februari 1944

Mwanangu,

Salamu. Mzigo ulifika jana. Mama yako sijamwonyesha. Ile ya pili nimeificha nyuma ya saa ya ukutani. Miaka thelathini na moja sijachelewesha barua ya mtu hata siku moja, na leo nimekuwa mwizi wa posta kwa ajili yako.

Unataka kumwua yule mama? Au unataka tu mzigo ukutoke wewe? Nijibu. Leo amenipa kahawa ya shayiri, akaniuliza saizi ya mguu wako. Nikamwambia.

Baba yako


Kambini, 23 Februari 1944

Baba,

Hamjambo? Ndiyo, nataka mzigo unitoke, siwezi kukudanganya. Lakini kila nikiruka najua kuna mama ananiombea, na hajui anamwombea nani.

Soksi zimefika. Zinanitosha kabisa. Peleka, Baba.

Mwanao


Kaltenrode, 4 Machi 1944

Mwanangu,

Salamu. Nimepeleka.

Aliisoma amesimama mlangoni, akifuatisha maneno kwa kidole. Akaikunja, akaniuliza ilikaa kwangu siku ngapi. Nikasema ishirini na tatu. "Siku ishirini na tatu umekunywa kahawa yangu," akasema. "Usipite tena hapa, Bwana Posta." Tangu shule ananiita Wilbert.

Sasa barua zake naziacha kwenye jiwe la njia panda. Nina aibu, mwanangu. Wewe je, bado unaruka? Andika.

Baba yako


Kaltenrode, 6 Aprili 1944

Mwanangu,

Salamu, popote ulipo. Kila asubuhi napekua mfuko nikitafuta mwandiko wako. Leo nimekuta bahasha ya jeshi yenye jina langu. Wanasema hukurudi usiku wa tarehe 30 Machi, na hujulikani ulipo.

Niliketi kwenye lile jiwe. Mama yako nilikuwa bado sijamwambia. Mama Gernot akaja kuchukua barua zake. Aliijua bahasha hata kabla hajafika.

"Amekufa?"

"Hajulikani alipo."

Alichukua barua zake. "Basi bado anaweza kuandikiwa. Mwandikie, Wilbert. Mwambie sijamsamehe. Mwambie aje ayasikie kwa mdomo wangu."

Kisha akaubeba mfuko wangu begani, akatangulia njia ya kwetu.

Njoo, mwanangu. Njoo uyasikie.

Baba yako