Mtu wa Kunitazama Nikitua

7 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yangu uliyoirudisha nimeipata, na mistari yako myekundu nimeiona. Nimekubali: si "mahari pengine", ni "mahali pengine", na tofauti ni kubwa, hasa kwa binti ambaye hajaolewa. Mimi huku sina neno. Kifua chako ndicho kinachonikosesha raha. Bado unakohoa asubuhi?

Nina habari, nakuomba uisome umekaa. Naruka kwa parachuti.

Unajua kazi yangu ya lifti. Siku nzima niko ndani ya shimo, grisi mpaka viwikoni, naangalia juu kwenye kitobo cha mwanga. Tulipomzika Mama Mkubwa, nyumba ikawa kimya kuliko shimo. Nikaenda kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, nikajiandikisha. Nilidhani nitaruka mara moja, nipige picha, nirudi. Sikurudi.

Mafunzo ya mwanzo nimemaliza. Sasa naruka bila kushikwa, ila bado kwa vifaa vya klabu. Mwavuli wenyewe ni mkubwa kama hema la harusi, unashuka polepole mpaka wenzangu wananiita Kishada. Wao wana miavuli midogo. Wananipita kama mishale, wanatua, wanamaliza chai kabla sijafika. Mkufunzi wetu ni mama mmoja tunayemwita Bi Chuma, kwa sababu ya vyuma alivyowekewa nyongani siku alipoharakia mwavuli mdogo. Anasema: "Hivi ni viatu vya mtoto vilivyogeuzwa. Unaanza na vikubwa, ukikua unavaa vidogo. Na kila mtoto anataka aonekane amekua."

Mwezi wa sita nataka kuruka na vifaa vyangu mwenyewe. Sasa sikiliza. Hapa kila mrukaji ana mtu wake wa chini: mke, kaka, hata jirani, anayesimama ukingoni mwa uwanja kichwa juu mpaka shingo imkatike. Mimi sina. Mama Mkubwa angekuja, na mwavuli wake wa mvua angekuja nao. Njoo wewe. Sheria ilibadilika zamani, waliokimbia wanaingia na kutoka wapendavyo. Uliondoka nikiwa mgongoni, baba. Sura yako naijua kwa ile picha ya kofia tu, na kwenye picha yenyewe kofia imejaa kuliko uso.

Mwanao


28 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinagombana nami asubuhi, mchana tunapatana. Lifti ya jengo letu imekufa tena. Napanda ngazi nikikukumbuka na kukulaani kidogo.

Barua yako niliisoma nimekaa kama ulivyoamuru, kisha nikasimama, kisha nikakaa tena. Nakurudishia. Makosa yamepungua, ingawa "harakia" umeitumia kama mtu anayekimbilia basi. Usicheke. Mtu aliyesahihisha chapa maisha yake yote hawezi kuona kosa akalipita, kama wewe usivyoweza kupanda lifti bila kusikiliza kamba zake.

Nilikwenda maktaba kusoma juu ya huo wazimu wako. Nimeelewa kwamba mgongoni mnabeba mkoba wenye miavuli miwili, mmoja mkuu na mmoja wa akiba, na huo wa pili hauguswi ila wa kwanza ukikataa. Nimelipenda neno hilo, akiba. Basi nisikilize, ingawa sijawahi kuruka hata mtaro. Usikimbilie vitu vipya. Tafuta mkoba wa mtu mtunzaji, na ukiambiwa ule wa akiba haujafunguliwa tangu ufungwe, huo ndio wako. Akiba haiozi.

Kuhusu kuja, tutaangalia. Mtu aliyekaa ugenini kama mimi hang'oki kama jino, hung'oka kama kisiki, na shimo hubaki pande zote mbili. Na ndege anahitaji kutazamwa na nani? Ujue tu kwamba upendo niliokuwa nao siku nilipokushusha mgongoni mwa mama yako nikakubusu, sikuutapanya kwa mtu mwingine. Niliuweka. Upo pale pale.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mafua yameniachia. Nawe usiniambie kifua "mmepatana", niambie kama umemwona daktari.

Ushauri wako niliufuata. Kuna jamaa klabuni tunamwita Bwana Harusi. Ameoa juzi, na mkewe amempa moja kati ya mawili: mimi au mbingu. Kwa hiyo anauza mkoba mzima. Mwavuli mkuu ni mdogo, mwekundu, na mkoba wenyewe mwembamba hata hujui kama umebeba kitu. Nikauvaa, nikasimama mbele ya kioo cha chooni, nikajiona si Kishada tena. Nikamuuliza habari ya ule wa akiba.

"Dada, huo haujaguswa tangu niununue," akasema. "Bikira kabisa."

Nikamwambia, "Baba yangu angekupenda."

Bi Chuma ndiye pia fundi wa kukunja. Akauweka mezani, akaufungua mbele yetu. Ulitoka kwa shingo upande, na harufu ya kabati la marehemu. Kitambaa kilikuwa kimegandana kwenye mikunjo, kina madoa ya ukungu, na penye pete za chuma kutu ilikuwa imeanza kukila. Bwana Harusi akatazama dari. Mimi kwa aibu nikasema, "Si wanasema akiba haiozi?"

Bi Chuma hakucheka. "Wanaosema hivyo hawajawahi kuihitaji wakiwa angani. Akiba hufunguliwa, ikapunga upepo, ikakaguliwa, ikakunjwa upya, hata kama hukuitumia. Hasa kama hukuitumia."

Njiani nikirudi nilifikiria ule upendo wako uliouweka. Ulifungwa vizuri, sina shaka, wewe ni mtu wa mikono safi. Lakini nilipougua surua haukufunguliwa. Mama alipotutoka haukufunguliwa. Ilikuja barua, nzuri, haina kosa hata moja, watu waliisoma msibani wakaisifia. Kwa Mama Mkubwa vivyo hivyo. Unaniambia upo pale pale. Naamini. Hilo ndilo linalonitisha.

Ule mwekundu nimeuacha. Nimechukua mpana, wa mtu aliyenenepa akaacha kuruka, wa kijivu na machungwa, mbaya kama pazia la hospitali. Nilipoununia, Bi Chuma aliniambia, "Huo unasamehe. Mdogo hausamehi. Uzuri utauona miguu yako ikiwa mizima." Wa akiba ameukunja yeye mwenyewe, mimi nikimshikia kamba.

Ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Njoo upunge upepo, baba.

Mwanao


5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Daktari nimemwona. Kasema kifua changu ni cha mtu wa umri wangu, jambo ambalo ningeweza kumwambia mimi bila kupanga foleni.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na sikuipigia mstari. Mstari ungepita wapi?

Nakuja. Tiketi ya basi ninayo, iko ndani ya kamusi ili isikunjike. Jirani yangu mshona viatu amenibadilishia soli, na amewatangazia watu wa ngazi nzima kwamba mzee wa juu anakwenda kumtazama binti yake akianguka. "Kutua," nikamsahihisha. "Mzee, chini ni chini," akanijibu.

Sasa nieleze, maana vitabu havisemi. Mtu wa chini hufanya nini? Hupunga mkono au hutulia? Akipiga kelele, mrukaji husikia? Nimeanza mazoezi ya kutazama juu dirishani, shingo inalia kama bawaba. Nitavaa kofia ya kijivu. Si ile ya pichani, ile ilikwisha kufa, lakini ukoo wao ni mmoja. Utanijua.

Baba yako


2 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na safari hii nasema kwa dhati, maana nilidhani umefia njiani. Nilihangaika kupata namba ya mshona viatu wako. Akapokea, akasema, "Mzee? Yupo, kapita hapa sasa hivi na mkate."

Mimi si mzima. Naandika nimelala, mguu wa kulia uko kwenye plasta mpaka pajani.

Nilikungoja kituoni. Basi lako likaja, wakashuka wote, nikamuuliza mpaka kondakta. Nikangoja lililofuata. Nikaenda uwanjani nikijiambia labda umepitiliza, labda umeshafika, unajua wazee na kuwahi. Bi Chuma akaniuliza, "Mtu wako yuko wapi?" Nikasema yuko njiani. Akanitazama. "Kichwa kama hakipo hapa, miguu isipande ndege." Nikamwambia kipo.

Kuanguka kulikuwa kuzuri. Mwavuli ukafunguka safi, pazia langu la hospitali, nikalipenda kwa mara ya kwanza. Nikashuka kwa mpango wote niliofundishwa: nikaenda na upepo, nikaukatiza, nikageuka kuukabili. Hapo kazi imekwisha, ardhi iko karibu, unakwenda moja kwa moja na kuvuta breki zote mbili, zile kamba za mikononi. Ndipo nilipokuona. Kofia ya kijivu, ukingoni karibu na matangi ya mafuta, kichwa juu. Nikavuta ya kushoto peke yake nije kwako.

Kila mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza: ukikaribia chini usikate kona, mwavuli ukigeuka hupiga mbizi. Nilijua. Mkono ulikuwa umeshavuta.

Mwenye kofia alikuwa dereva wa lori la maji. Ndiye aliyenifikia wa kwanza. Nilimwita baba. Akaitika, maskini, hakujua aseme nini kingine.

Bi Chuma alikuja hospitali, akakaa, hakunigombeza. Alisema tu, "Ungekuwa na ule mwekundu, tungekuokota kwa koleo."

Sikuulizi kwa nini. Hapana, nakuuliza. Kwa nini?

Mwanao


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na pole, pole sana. Mshona viatu anakusalimu. Amekasirika nami na amekataa kunisalimu mimi.

Nilifika kituoni. Nilikaa kiti cha dirishani, kofia magotini. Dereva alipowasha gari nikamwomba anifungulie mlango. Akasema, "Mzee, umesahau kitu?" Nikasema ndiyo. Nikasimama pale nikilitazama basi likikata kona.

Sababu nimeziandika nyingi nikazichana, na zote zilikuwa na sarufi nzuri. Ninachoweza kusema ni hiki: kwenye karatasi mimi ni baba yako, na nadhani si baba mbaya. Ndani ya lile basi nilikuwa mzee mmoja tu anayepelekwa kuonekana. Ungeniangalia vizuri, mara moja, halafu ingekuwaje?

Acha kuruka. Uza mkoba, hata kwa mtu mnene. Ulishaona, ukajaribu, inatosha. Kazi ya lifti ni ya heshima na mtu anashuka kwa ngazi.

Barua yako nakurudishia. Ni pachache tu. Pale ulipoandika "ndipo nilipokuona", tazama tena, haiwezekani kuwa hivyo. Sahihi ni "ndipo nilipodhani nimekuona". Nisamehe. Nilikwisha kuandika kabla sijajua ninachoandika, na wino mwekundu haufutiki.

Baba yako


19 Novemba

Baba,

Shikamoo. Barua zako za Septemba na Oktoba zimefika, ile ya maswali na ile ya kuomba tarehe nyingine. Usidhani zilipotea. Mguu umeunga, unauma penye baridi tu, na nimerudi shimoni kwangu. Kifua je?

Ulichosahihisha ni kweli. Sikukuona.

Bi Chuma hakukubali nirudi angani mpaka anitembeze uwanja mzima kwa magongo, kisha bila magongo, akiniuliza kila baada ya hatua chache, "Unatazama wapi?" Anasema mwili hufuata macho. Ukiukodolea macho mti, unaugonga, hata kama uwanja wote ni mtupu. Kwa hiyo najifunza kutazama nyasi tupu. Baba, kuchagua mkoba ilikuwa mchezo. Hili ndilo gumu.

Tarehe nyingine sikupi. Usije. Siandiki kwa hasira; hasira ilikuwa Agosti, na barua za Agosti sikuzituma. Ni kwamba ukija sasa, hata ukijificha nyuma ya ukuta, nitajua upo, nami nitakutafuta, na mara ya pili ardhi haitanisamehe. Na ukiniambia unakuja halafu usije, nitakutafuta zaidi. Tuandikiane tu. Hapo tunawezana, wewe na mimi. Nitakuuliza kifua, utanijibu, utaniuliza mguu, nitakujibu.

Jumamosi niliruka. Nikaukabili upepo, nikatazama mbele, nikavuta breki, nikatua nimesimama katikati ya uwanja. Ukingoni kulikuwa na watu, wa wenzangu, wanawapigia wenzangu makofi. Nikakumbatia kitambaa changu, nikaenda kukikunja. Ndege ilikuwa bado inanguruma. Nikapanda tena.

Mwanao