Sumaku ya Yaya Odette

Kambi ya Dzaleka, 4 Machi

Mdogo wangu Vainqueur,

Habari za Lilongwe? Kikohozi kimekuachia? Huku tuko bazima. Mbuzi wa jirani amekula kola ya shati la mteja, naye pia ni mzima.

Daftari langu umemfikishia Mwalimu Nibigira wa sayansi? Mweleze hivi: sumaku inaning'inia kwa uzi wa nailoni ndani ya chupa, imegandishwa kipande cha kioo, na kioo kinatupa doa la mwanga ukutani. Usiku mwingine doa linayumba polepole, dakika nzima kwenda na kurudi, kila mara kwa umbali mdogo zaidi, mpaka linatulia. Miezi kumi na minne nimelinganisha saa hizo na rekodi za vituo vya kaskazini, karibu na ncha ya dunia, zile za bure kwenye mtandao. Mara nyingi, dakika zile zile, anga ya huko imewaka taa zake za rangi. Upepo wa jua huvuta sumaku ya dunia upande wa usiku kama mpira wa manati. Ikiachia ghafla, mtikisiko unafika hadi chupani kwangu.

Jina langu, mimi dada yako mkubwa, lisomeke vizuri.

Yaya wako,
Odette

Area 49, 17 Machi

Yaya mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kikohozi kimeisha. Mwalimu amefurahi mno, ameniweka kati ya wasemaji wa mkutano wa walimu wa sayansi mwezi ujao. Atakayefanya vizuri atapewa kazi kwenye maabara ya shule yake.

Kwenye daftari nimeandika jina langu. Usikasirike. Fundi cherehani wa kambini, nani atamsikiliza? Na mi njo niko na suti, si wewe. Si tuko baba mmoja?

Nitumie rekodi tatu mpya, kazi ionekane mbichi.

Mdogo wako,
Vainqueur

Dzaleka, 24 Machi

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Afadhali kikohozi kimeisha, utahitaji sauti.

Rekodi tatu hizi hapa, nimempa Mamy wa kwaya anayepitia Lumbadzi. Mawimbi makubwa kuliko yote ya daftari. Mi sikasiriki. Suti haikubani kwapani?

Yaya wako,
Odette

Area 49, 15 Aprili

Odette,

Salamu sina.

Nilisema vizuri, bantu wakapiga makofi. Nibigira akauliza kitu kimoja tu: nimekesha na chupa mara ngapi? Nikajibu, kila usiku. Akaweka ukutani rekodi za kaskazini. Siku zote tatu, kimya kabisa. Kisha akatoa barua mfukoni, mwandiko wako, kumbe ulimwandikia yeye pia, akaisoma mbele ya wote:

"Mawimbi haya matatu ni mkasi wangu wa kukatia suruali, niliupitisha karibu na chupa siku ambazo anga ililala. Wimbi la juu hufifia taratibu. La mkasi hukatika ghafla. Aliyekesha hata usiku mmoja ataligundua kabla hajavaa viatu."

Wakacheka mpaka mlinzi akachungulia. Nikasema, si mimi, ni dada yangu njo aliandika. Wakacheka tena. Kazi imekwenda. Umenizika nikiwa hai, mtoto wa mama yako.

Vainqueur

Dzaleka, 21 Aprili

Mdogo wangu,

Nakutakia afya. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nakula nsima, na ilishuka vizuri.

Nibigira alikuja Jumamosi kwa baiskeli ya kabaza, suruali imejaa vumbi. Alikaa mbele ya chupa mpaka kukacha. Alfajiri aliomba kalamu, akaandika jina langu kwenye jalada la daftari, herufi kubwa, akaniuliza kama amekosea.

Hukuzikwa. Umepimwa. "Ni dada yangu njo aliandika": maneno hayo niliyangoja tangu mwezi wa tatu. Ungeanza nayo, mkasi ungebaki kwenye kitambaa.

Mlango haujafungwa. Ukija, kesha usiku mmoja na chupa, peke yako, bila suti. Baada ya hapo njo utaniita yaya.

Odette Mulenda