Tonge la Mzee wa Malqa

Mtani wangu Kombo, bado unapumua?

Nimo Riyadh, nalala kwenye jumba la mtaa wa Malqa kama sultani. Uongo! Nalala chumba cha dereva, kwa hisani ya bosi wa binti yangu Asha. Kazi yake ni kumlisha baba wa bosi, kikongwe asiyetaka kijiko. Wanawe wote wako maofisini. Asha humfinyangia matonge ya wali, vilevile nilivyomlisha yeye akiwa na meno mawili. Jana nami nikaachama.

“Ha! Baba, na wewe?”

“Kwani mimi kijana?”

Akacheka, akanitia tonge, machozi yakamtoka.

Huko nyumbani dada yangu Zuhura mikono inamtetemeka, na mlishaji wake ndiye mimi. Ulipovunjika mguu nilikuogesha, mchafu wee. Basi nenda kamlishe. Kwa mkono, si kijiko.