Kitabu Kisichokuwa na Dada

Shambani, Lumemo, Ifakara
22 Aprili 1956

Mdogo wangu Kelestini,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko chuoni? Baridi ya milimani umeizoea, au bado unalala na soksi? Sisi hatujambo. Kitinda mimba anaota meno na ananing'ata, Yosefina kapona homa, shemeji yako Marselino yuko mtoni anatega samaki. Mimi nimechoka tu, uchovu wa kawaida, usiuulize.

Vile vitabu viwili ulivyompa dereva wa lori vimefika, kimoja kimeloa pembeni. Tumehamia shamba tangu mpunga ulipoanza kutoa masuke, kwa hiyo nasomea juu ya dungu huku naamia ndege wasimalize mpunga. Nasoma ukurasa, napiga debe, narudi kwenye ukurasa. Ulisema ni vya watoto. Kelestini, mimi mama wa watoto watatu nimelia kwa kile cha zamani, cha binti wa fundi saa wa Ulaya, mpaka maharage yakaungua! Watoto wakaniuliza theluji ni nini. Nikawaambia ni kama sufi inayodondoka mtini, ila yenyewe ina baridi. Bibi Theodosia wa dungu la jirani hana macho ya kusomea, lakini masikio anayo. Jioni anapaza sauti kutoka kule kwake: "Mama Yosefina! Yule mtoto keshapata pa kulala?" Nikimwambia bado, anakasirika: "Basi soma upesi, wewe, giza hilo linaingia!"

Kile kipya, cha watoto watatu wanaomtafuta ng'ombe aliyeibwa, kinachekesha, na watu wake ni kama sisi. Lakini nina neno. Siku nzima wanafuata nyayo za wezi, na hakuna hata mmoja anayetumwa maji! Na mbona mama zao mnawaua, ninyi watu wa vitabu? Yule wa fundi saa kafa ukurasa wa kwanza. Huyu wa pili alikufa hata kitabu hakijaanza. Mama akiwa hai, mtoto hawezi kwenda popote? Hebu niulizie hao walimu wako.

Ni mimi dada yako,
Scolastica


Chuo cha Ualimu
13 Mei 1956

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na soksi bado navaa. Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwapakate kwa niaba yangu.

Barua yako nilimsomea mwalimu wetu wa Kiswahili. Pale kwenye kutumwa maji alicheka mpaka akavua miwani. Anasema mama akiwepo anamkataza mtoto, na mtoto akikatazwa hadithi inalala.

Sasa nikwambie jambo. Na mimi naandika. Kuna wachapaji wanatafuta hadithi za watoto wa nchi hii, nami nimeandika ya mvulana wa bonde letu. Mama yake anafariki siku anapozaliwa, anakua peke yake, anashindana na njaa na mto na viboko, mpaka anakuwa mwalimu. Nakutumia karatasi zote. Zisome kama ulivyovisoma vile vitabu. Usinihurumie kwa sababu mimi ni mdogo wako.

Mdogo wako,
Kelestini


Shambani, Lumemo
10 Juni 1956

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, tunavuna sasa, mgongo hauna habari njema, lakini mpunga umekubali.

Nimezisoma karatasi zako, nikazirudia. Kwanza nikupe haki yako: unaandika vizuri. Mto wako una harufu ya mto. Yule kiboko alipotoka kwenye matete, mwanangu Tadei alijificha nyuma yangu, naye si mtoto wa kuogopa. Nilijisikia kumwambia kila apitaye njiani kwamba haya kayaandika mdogo wangu.

Halafu nikaziweka chini. Kelestini, mama yetu alifariki kweli, hapo sina ugomvi na wewe. Lakini mvulana wako anazaliwa, mama anakufa, na mstari unaofuata ana miaka saba na anajipikia ugali. Hapo katikati nani alimbeba? Nani alimtafunia? Mimi niliacha shule darasa la tatu, na unajua niliachia nini. Sidai shukrani. Nilikulea kwa mapenzi yangu na ningekulea tena. Ila Yosefina kaniuliza, "Mama, huyu si mjomba? Sasa wewe uko wapi?" Nikamtuma maji.

Ukitaka mtoto aliyejilea, mwandike, lakini usimweke Lumemo, maana huku tunajuana. Usikichapishe hivyo. Nimesema kama dada na sirudii.

Dada yako,
Scolastica


Chuo cha Ualimu
2 Septemba 1956

Dada,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo huko. Nimekaa kimya muda mrefu. Mwanzoni ilikuwa hasira, siwezi kukuficha. Halafu nikakaa nikaandika upya, nikakuweka.

Dada, hadithi imekufa. Mvulana akiona njaa, wewe umeshapika. Akitaka kuzama, umeshamshika shati. Akipotea porini, unamwita jina mara moja tu naye anarudi mbio, kwa sababu anaijua sauti hiyo. Kufika ukurasa wa nne ameoga, ameshiba, amelala. Mwalimu wangu kasema, "Huyu dada mtoe, anaua kitabu."

Karatasi zinatakiwa kwa wachapaji kabla ya Krismasi. Kukutoa sitaki. Ukibaki, sina hadithi. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Kelestini


Lumemo, Ifakara
30 Septemba 1956

Mdogo wangu Kelestini,

Marahaba, baba. Sote wazima. Barua yako imenichekesha mpaka mtoto akaachia ziwa. Mwalimu wako kasema kweli, ndivyo nilivyokuwa, na hawa wangu leo wananung'unika vilevile.

Lakini tatizo si mimi. Wewe umemwandika mtu asiye na safari. Hukwenda popote, mdogo wangu. Ulibebwa. Aliyekwenda ni mimi, na sijapata kukuhadithia vizuri kwa sababu kazi haijaniacha. Leo watoto wamelala mchana, sikiliza.

Mama alifariki Namawala, kwenye dungu letu, masika yamefurika, baba yuko mbali mtoni. Wanawake wa karibu walinisaidia kumzika. Wakasema, na hiki kitoto hakitaiona kesho, kiache kipumzike. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilijua neno moja tu, kwamba Ifakara kwa masista kuna maziwa. Nikakufunga mgongoni kwa khanga ya mama, nikashuka.

Maji yalikuwa ya kiuno. Njia haikuonekana, kwa hiyo nilifuata madungu matupu, nikifika hili natafuta lile. Nilitafuna mchele mpaka ukawa maji, nikakudondoshea kwa ncha ya khanga. Ulilia njia nzima, na mimi nilifurahi unalia. Ukinyamaza, nakufinya.

Kwenye mto Lumemo mwenye mtumbwi akauliza mama yako yuko wapi. Nikamwambia kweli. Akarudi nyuma. "Mtoto wa maiti simpandishi."

Nikasema, "Si wa maiti. Huyu ni wangu."

Akanitazama, kifua changu kama ubao, akacheka mpaka akauegemea upondo. "Wako! Haya, panda, mama mtu."

Basi, huyo ndiye mtoto wako wa hadithi. Mama hayupo, baba hayupo, na hatumwi maji, maji yanamfuata yenyewe. Andika.

Dada yako,
Scolastica


Chita
18 Mei 1958

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, darasa langu limejaa mpaka dirishani. Najua kila barua ulikuwa ukiniuliza habari za kitabu, na kila barua nilikuwa nairuka. Sikutaka kukwambia neno mpaka uweze kukishika mkononi.

Haya, kishike. Mimi pia nimo humo. Ni yule anayelia.

Mdogo wako,
Kelestini


Shambani, Lumemo
15 Juni 1958

Mwalimu Kelestini, mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na marahaba. Sisi wazima. Mpunga mwaka huu unainama wenyewe. Nina mwingine tumboni, kwa hiyo ukiona mwandiko umelala, ni mimi niliyelala.

Kitabu nimekifunga kwenye khanga kisiguswe na moshi. Nimevisoma vitabu vya watoto ulivyoniletea, vya zamani na vipya, na sisemi kwa upendeleo: hiki kinasimama navyo. Msichana anaogopa na bado anakwenda, na hukumpa fimbo ya ajabu wala mzungu wa kumwokoa. Kosa lipo moja. Umeandika kwamba pale mtumbwini alilia. Sikulia. Kikichapwa tena, parekebishe.

Anayesoma sasa ni Yosefina, mimi napiga debe. Jana kafika pale mtoni. Mwenye mtumbwi aliporudi nyuma tu, Bibi Theodosia akalipuka kule kwake: "Mpandishe, mwanaharamu wewe! Mpandishe!" Dungu la tatu nalo likaanza kupiga madebe, ndege wote wakaruka mpaka kwa watu wengine. Yosefina akangoja watulie. Halafu akasoma kwa sauti, "Huyu ni wangu," na mwanangu huyo, Kelestini, hakutazama kitabu. Alinitazama mimi.

Walipopoa, bibi akaita: "Mama Yosefina! Kile kitoto kilipona kweli, au ni maneno ya kitabu?"

"Kilipona, bibi!"

"Kiko wapi?"

Nikasimama juu ya dungu na tumbo langu hili. "Chita! Ni mwalimu! Na kitabu kakiandika yeye!"

Bibi akauliza taratibu, "Na yule msichana?"

Nikapiga debe.

"Anaamia ndege, bibi."

Ni mimi, dada yako, mama mtu,
Scolastica