Nyumba Namba 41

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Mimi mzima, ila mafua ya vumbi. Huku kila kona wanajenga.

Miezi mitano imepita tangu tumzike baba, na bado uko peke yako katika nyumba ya vyumba vitatu. Njoo ukae nami. Mji huu ni mdogo lakini unakua, na utaupenda. Kutoka kazini hadi nyumbani natembea dakika kumi na tano, na muuza mkate ananijua kwa kikohozi. Zahanati imekuwa hospitali. Shule mbili zimefunguliwa, na wazazi wanapanga foleni kwa fundi mmoja wa sare ambaye, nakuapia, hajui kupiga pindo. Hata wanaokuja kutembea siku mbili huondoka wakiulizia viwanja.

Kazi yangu ni ileile ya ofisi ya mji, kubandika vibao vya namba kwenye nyumba.

Ukishuka stendi, fuata lami hadi soko jipya, kisha ingia mtaa wa nyuma yake. Nyumba namba 41. Chumba chako kinapata jua la asubuhi.

Mwanao,
Fundi Misumari


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mguu hulalamika asubuhi, mchana ukasahau. Mafua hayo chemshia tangawizi, usiyaonee aibu.

Naendelea kuandika kwa sababu simu ya marehemu nimeizima na kuifungia kabatini. Ilikuwa ikilia, nangoja aipokee yeye. Dereva wa basi anabeba barua zangu na hajapoteza hata moja.

Sitakuficha, naogopa. Hapa naujua kila mlio wa bati. Mlango huu wa kijani baba yako aliupaka kila mwaka kwa rangi ya mabaki. Nilipomwambia, "Mlango umekuwa kama kabichi," alinijibu, "Basi hutapotea, mama."

Mwalimu mmoja anataka kupanga nyumba. Nimemwahidi jibu Ijumaa ya tarehe 27. Kwa hiyo nitakuja Jumamosi, tarehe 21, niuone mji wako. Usije kunipokea stendi. Nataka nifike mwenyewe. Nikishindwa kuufikia mlango wako, nitaishije huko? Nikishindwa, nitarudi, na jambo hili tusilizungumze tena.

Mama yako


21 Juni, jioni

Mama,

Shikamoo, popote ulipo.

Nimekaa mlangoni tangu saa tano asubuhi. Nimefagia mara tatu. Saa nane nikavunja agizo lako, nikaenda stendi. Utingo anasema mama mwenye mwavuli mweusi alishuka saa sita, akamshukuru, akaenda zake. Mwavuli mweusi ni wa baba, sivyo?

Nimeuliza sokoni. Nimeuliza hospitali, wakanifungulia daftari lao lote. Simu ya shangazi, hapo jirani yako, haipatikani. Nampa dereva barua hii iende nyumbani, endapo umerudi. Kama umerudi, niandikie neno moja tu. Hata tusi.

Mwanao


23 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, usihangaike. Barua yako ilinifikia jana.

Nilifika. Niliifuata lami, nikalipita soko, nikaingia mtaa wa nyuma, nikaona 41, kibao kipya kinang'aa. Moyo ukanidunda kama wa msichana. Nikapiga hodi. Akatoka mama mmoja na mtoto kiunoni.

"Namtafuta mwanangu, yule anayebandika namba."

"Hapa? Hapa naishi mimi, mama, mwaka wa pili huu." Akacheka. "Vijana! Labda kakupa namba ya uongo usije ukaona anavyoishi."

Hakuwa na ubaya. Alinipa kiti na maji. Lakini neno hilo lilinikaa. Niliuliza nyumba nne zaidi. Kila mmoja kahamia juzi, hakuna anayemjua mwenzake. Ofisi yenu ilikuwa imefungwa. Nikapanda basi la saa kumi.

Kinachoniuma ni kwamba niliupenda mji. Nilipita dukani kwa muuza vitambaa, akanishikisha majora yake yote akijua sinunui. Niliona watoto wa shule wakitoka masomo ya Jumamosi, na mapindo yao, kweli ni aibu.

Unasema ulinisubiri mlangoni. Mlango gani, mwanangu? Kama unaishi pabaya, ungeniambia. Baba yako nami tulianzia kwenye stoo ya mahindi.

Ijumaa nitamwambia mwalimu kuwa nyumba haipangishwi.

Mama yako


25 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijala tangu nisome barua yako, kwa hiyo afya usiniulize.

Kosa ni langu, na ni la mikono yangu hii. Mtaa umeongezeka nyumba sabini na saba upande wa soko, zote hazikuwa na namba. Wiki ya pili ya Juni ofisi iliamuru tuhesabu upya kuanzia upande huo. Mlangoni kwangu nilifungua 41 kwa bisibisi yangu, nikafunga 118. Kisha nikaenda kufunga 41 kwa huyo mama. Nilikuwa napiga mluzi. Nimewabadilishia namba watu wote wa mtaa huu, na sikukumbuka kwamba kuna mtu mmoja nilimwandikia.

Nimekwenda kwake. "Ole wangu," akasema, "namba yenyewe tulikuwa nayo wiki moja, sikuwaza!" Ulipoondoka alikumbuka, akakimbia hadi kona, hakukuona. Anasema ulipokuwa unakunywa maji ulimshonea mtoto kifungo kwa sindano uliyoitoa kwenye ukosi wako. Na mwavuli wa baba uliuacha nyuma ya kiti.

Mama, hukushindwa. Ulifika pale nilipokuelekeza.

Jana niliupaka mlango wangu rangi ya kijani. Majirani wanasema ni kabichi. Dereva ameniapia atakukabidhi barua hii mkononi kabla ya Ijumaa.

Mwanao mjinga


28 Juni

Fundi Misumari wangu,

Marahaba. Kula.

Dereva wako alipata pancha. Mwalimu alikuja Ijumaa saa nne, nikamjibu hapana, akaaga kwa adabu. Barua ikaja saa tano. Niliisoma nimesimama. Kisha nikatoka na kandambili, mguu huu huu, nikamkimbilia mwalimu wa watu hadi kituoni. Shangazi yako alidhani kaniibia. Nilipompata sikuwa na pumzi, nikampa ufunguo tu.

Nimemwomba jambo moja, mlango aupake kila mwaka. Amekubali, ila rangi atachagua yeye. Nililia kidogo. Basi.

Cherehani yangu inakuja na basi la Jumanne. Ibebe kwa miguu yake, usiishike kichwani. Mimi nafuata Alhamisi.

Stendi usije. Na mwavuli usiuchukue, uache hapo hapo kwa yule mama. Nitaupitia mwenyewe. Namba 41 naijua.

Mama yako