Ananishukuru, Kumbe Mimi Ndiye Niliyemwangusha

Mpendwa Bodil wa ukurasa wa ushauri,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana barua hii nimeianza mara nne na mara zote nne nimeichana, na leo naimaliza kwa sababu Jumapili ya wiki ijayo nimealikwa chakula cha mchana cha kushukuriwa, na wallahi sistahili hata kipande cha samaki.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na tatu, kazi yangu ni kukagua lifti za majengo, niliachana na mke wangu zamani, naishi mtaa wa Østerbro, na nimeendesha baiskeli hapa Copenhagen kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na minane bila kuanguka. Kazini wananiita Bwana Sheria. Wala hawanionei, kwa sababu mimi ndiye yule mtu unayemsikia nyuma yako kwenye njia ya baiskeli akisema, "Kaa kulia, mama, wenzako wapite," na mimi ndiye ninayewafundisha vijana wanaokata kona ya kushoto moja kwa moja kwamba sisi hapa tunavuka kwanza, tunasimama pembeni, tunasubiri taa, ndipo tunakwenda. Nimewahi kumfukuza mtu kuanzia ziwani mpaka karibu na stesheni ili tu nimwambie taa yake ya nyuma imezimika. Alinishukuru, ila si sana.

Basi asubuhi moja ya Septemba, manyunyu yanadondoka, njia imejaa kama inavyojaa saa mbili, naona bwana mmoja wa suti anakuja na baiskeli kwa upande usio wake, anatukabili sote, mkono mmoja usukani na mwingine sikioni na simu, na damu ikanichemka, Bodil, nikarudisha pedali nyuma breki ikashika palepale katikati ya njia, na mkono wangu, ule ambao kila mtoto wa mji huu anafundishwa kuuinua kabla hajasimama ili wa nyuma wajue, mkono huo nilikuwa nimemnyooshea yule bwana kidole, namwambia, "Wewe, unakwenda wapi huko, huoni mshale?" Nyuma yangu nikasikia kengele, mara moja tu, halafu breki, halafu chuma kikisugua mawe ya ukingo.

Nilipogeuka, mama mmoja mtu mzima alikuwa amelala juu ya mawe ya watembea kwa miguu, baiskeli ya kijani imemlalia, taulo limetoka kwenye kikapu. Bwana wa suti alishapita zake. Nikapiga magoti. Mama wa watu akafumbua macho, akanitazama, akasema, "Samahani, mdogo wangu. Nilikuwa nakwenda mbio mno."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema, "Usijitikise."

Nikaita gari la wagonjwa, nikamfunika kwa koti langu, nikakaa naye kwenye mvua mpaka wakaja, na baiskeli yake nikaipeleka kwangu nikainyoosha usukani, nikambadilishia waya wa breki, nikaisugua mpaka ikang'aa. Nitamwita Solvej. Ana miaka sabini na mmoja, ni mkunga mstaafu, na hiyo baiskeli ya kijani ndiyo aliyokuwa akiipanda kwenda kuzalisha nusu ya mtaa huu, theluji isiwe sababu. Alivunjika mfupa wa mtulinga. Siku nilipomrudishia baiskeli akanishika mkono kwa ule wake mzima, asiuachie, akasema, "Watu kama wewe wamebaki wachache." Binti yake, Rikke, akanikumbatia pale mlangoni. "Angekuwa mwingine angepita tu," akasema. "Wewe sasa ni wa humu ndani."

Tangu siku hiyo nakwenda kila Alhamisi. Yeye anachemsha kahawa kwa mkono mmoja, mimi nakata mkate mweusi na jibini. Ananitania hatari. Juzi aliniambia, "Wewe ukifa utawapanga watu makaburini, walale upande wa kulia." Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa, na nilipokuwa narudi nyumbani nikahesabu, nikaona sijacheka hivyo miaka sita. Sijawahi kushukuriwa hivi na mtu yeyote, Bodil, na mimi namshukuru zaidi anavyonishukuru, na kila asante yake inaniingia kama mwiba.

Ningeweza kuishi na mwiba huo, nakiri, kama lisingekuwa hili. Kila asubuhi kabla ya kiamsha kinywa Solvej alikuwa akienda kuogelea baharini na wenzake wanne, kiangazi na barafu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Siku ya ajali alikuwa akitoka huko. Mfupa umeshaunga, daktari amemruhusu, lakini baiskeli haigusi. Nilipomuuliza akasema, "Wewe si mtu wa kusahau kuinua mkono. Bila shaka uliuinua, mimi sikuuona." Akaenda kupimwa macho. Macho mazima. Basi kama si macho, akaniambia, ni kichwa, kwa sababu mama yake naye alianza hivyohivyo, vitu viko mbele yake na havioni. "Leo nimeanguka mwenyewe," akasema. "Kesho nitamgonga mama aliyepakia watoto kwenye sanduku la mbele ya baiskeli. Niliowapokea duniani kwa mikono hii nije kuwaua mimi?" Nikamwambia, la hasha, wewe unaendesha vizuri. Akatabasamu. "Utajuaje? Ulikuwa mbele."

Wale wenzake wa baharini ameshawaaga. Jumapili hiyo, baada ya chakula, Rikke ataipakia baiskeli kwenye gari ampelekee mjukuu anayesoma mjini Odense. Na kabla ya hapo, kwa desturi zetu, mtu atagonga glasi, atasimama, atanihutubia, na watanipigia hurei tatu za kunipongeza, na mimi nitakaa pale kama sanamu.

Nimejaribu kumtupia lawama bwana wa suti, maana bila yeye nisingesimama. Nimewaza pia kwamba nikimwambia nitamuumiza upya bure, na kwamba labda kuna njia ya kumrudisha kwenye baiskeli bila kulitaja lile jambo, na nimewaza, hili nalisema kwa aibu, kwamba nikisema ndio mwisho wa Alhamisi zangu. Naomba uniambie nifanye nini, na uniambie upesi.

Wako,
Bwana Sheria

*

Mpendwa Bwana Sheria,

Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa nitakukasirikia kidogo, halafu tutaendelea.

Nyani haoni kundule. Miaka thelathini na minane unawafundisha wenzako kuinua mkono, na siku mkono wako ulipotakiwa ulikuwa na kazi nyingine. Nikikuambia sikucheka nitakuwa mwongo. Nilicheka, halafu nikafika pale mama wa watu anapokwenda kupimwa macho, kicheko kikanikauka.

Bwana wa suti mwache apite, alishapita. Alikosa, ndiyo, lakini hakukuambia usimame katikati ya njia. Kuhusu kosa lako lenyewe, sitakupiga sana. Nami ni mwendesha baiskeli, nina lile sanduku kubwa la mbele, na mji huu wote hakuna asiyewahi kusimama vibaya. Ulikosea kwa sekunde mbili. Kisha ukapiga magoti kwenye mvua ukavua koti lako, na hiyo ni kweli, hakuna atakayekunyang'anya. Solvej hajakosea kukushukuru kwa hilo.

Ugomvi wangu na wewe unaanzia kwenye "Usijitikise." Mfupa umeunga, lakini tangu siku ile kuna kitu kingine umemvunja na kila Alhamisi unakikanyaga tena. Mwanamke huyu aliona sawasawa. Hakuna mkono aliokosa kuuona, kwa sababu hakukuwa na mkono. Macho yake yalimwambia kweli, kichwa chake kikamwambia kweli, na amevikana vyote viwili kwa sababu anakuamini wewe kuliko anavyojiamini. Analala na hofu ya ugonjwa wa mama yake, na dawa iko mfukoni mwako, na wewe unamkatia jibini.

Unauliza kama kuna njia ya kumrudisha kwenye baiskeli bila kusema. Hakuna. Unauliza kama utamuumiza bure. Bwana wee, mtu anayeambiwa kwamba akili yake ni nzima haumii bure. Atakasirika, tena inawezekana sana. Amewatoa watu nje ya matumbo ya mama zao, hatashindwa kukutoa wewe nje ya mlango. Ukitolewa, toka kwa heshima. Alhamisi zako ulizipata kwa jina la mtu mwingine, yule aliyeinua mkono. Ukitaka ziwe zako itabidi uziombe upya.

Sasa nitakuambia jambo ambalo nadhani hujaliona, pamoja na ukaguzi wako wote. Rudia sekunde zile. Njia imejaa, mawe yameloa, mtu amesimama ghafla mbele ya mama wa miaka sabini na mmoja. Akapiga kengele. Akashika breki. Akaona hazitoshi, na kwa kufumba na kufumbua akachagua ukingo wa mawe badala ya mgongo wako. Angeamua kwenda moja kwa moja, wewe ndiye ungelala chini, na yeye angeangukia mwili laini. Wewe hukumwokoa Solvej. Solvej ndiye aliyekuokoa wewe, halafu akakuomba samahani, halafu akakushukuru, na wewe ukapokea vyote.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje chakula cha Jumapili. Kuungama mbele ya meza ya watu na glasi mkononi ni kutafuta makofi, na hayo umeshayapata ya kutosha. Usimwandikie ujumbe wa simu. Nenda Alhamisi hii, kabla kahawa haijachemka, usivue hata koti. Sema, "Sikuinua mkono. Nilikuwa namnyooshea mtu kidole. Uliona vizuri." Usianze na mvua, usimtaje bwana wa suti, usieleze ulivyoteseka. Halafu sema lile ambalo katika barua yako yote ndefu, iliyojaa asante, sikuliona hata mara moja. Mwambie, "Asante kwa kunikwepa."

Kisha nyamaza. Akilia, nyamaza. Akikutukana, mkunga ana matusi mazuri, yasikilize. Akisema ondoka, ondoka, lakini kwanza mwombe ruhusa ya kumpigia Rikke umwambie hayohayo, ili binti naye aache kumwangalia mama yake kama chombo chenye ufa. Kwa Rikke utasikia makali zaidi. Vumilia. Yeye ndiye aliyekuambia wewe ni wa humu ndani, na mtu wa ndani huambiwa kweli.

Kama baada ya hayo bado utakuwa umealikwa Jumapili, nenda, na glasi ugonge wewe. Hotuba ni yako, na hurei tatu ni za mama mwenye baiskeli ya kijani. Mjukuu wa Odense atatafutiwa nyingine, vijana hawakosi baiskeli.

Na siku Solvej atakapokubali kupanda tena, huenda akaogopa mita mia za mwanzo. Mwombe umsindikize mpaka baharini. Usikae nyuma yake kumkagua, maana nakujua. Tangulia wewe, kaa kulia, nenda polepole, mdomo ukiwa umefungwa hata akipita mtu na taa iliyozimika. Mkikaribia ufukweni, kabla hujagusa breki, inua mkono wako juu, mapema kuliko inavyohitajika, uushikilie hapo hapo mpaka uisikie kengele yake nyuma yako, mara moja, ikikuambia ameuona.

Bodil