Mgongo Wangu na Neno la Mjomba

Morogoro, Ijumaa. Mvua tangu alfajiri, milima haionekani kabisa.

Sijui nianzie wapi. Mawazo yanagongana tu.

Asubuhi kule hospitalini daktari Mdachi alinilaza ubavu, akanibonyeza mgongo, nikapiga kelele. Anasema usaha umejikusanya kando ya uti wa mgongo, unabana mishipa ya mguu. Anataka kunipasua kesho. Nikingoja mpaka nijifungue, huenda nisitembee tena. Akinipasua, dawa ya usingizi inaweza kumdhuru mtoto, na mimba ndiyo kwanza ina miezi sita. Yote mawili aliyasema kwa sauti ileile, kama mtu anayeagiza chai.

Kisha akamwuliza mume wangu kama anakubali. Naye, fundi wa reli ya Wajerumani aliyezoea kuwaitikia Wadachi hao, akajibu, "Ndiyo, bwana." Nikadhani yamekwisha.

Wapi! Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Mchana, tumesharudi nyumbani, mjomba wangu aliyepelekewa habari akateremka kutoka mlimani, amelowa chapachapa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamgeukia mume wangu hapohapo.

"Umekubali kwa niaba ya nani? Mtoto huyo wa kwetu. Hapasuliwi mtu hapa mpaka mtoto azaliwe."

Mume wangu akanuna. Namwonea huruma, maana ananipenda na anaogopa. Mjomba naye ndiye aliyenilea. Kila mmoja ana haki yake, na hilo ndilo linalonichanganya.

Hakuna aliyeniuliza mimi.

Nimekasirika, nasema wazi. Halafu nashukuru hawakuniuliza, maana ningejibu nini? Mtoto akicheza tumboni, nasema tungoje. Ganzi ikipanda gotini, nasema nipasuliwe sasa hivi.

Jioni nilijikongoja kwenda uani. Mguu wa kushoto ukagoma, nikaanguka mbele ya mjomba. Aliniinua taratibu. Nikajikuta namwuliza, "Mjomba, mtoto huyu nitambeba kwa mgongo gani?"

Alinikalisha mkekani. Taa ilipowashwa, akamwita mume wangu, akamwambia kesho watanipeleka pamoja kwa daktari nikapasuliwe.

Basi, wote wamekubali. Nilitaka hivyo, nadhani. Mbona sasa natamani mmoja wao angekataa?